Fainali ya vishale ilivyoninyima usingizi
Jamani mi vishale (darts, ule mchezo wa kurusha vishale ubaoni) nilikua naona ni mchezo wa kupoteza muda tu, mpaka nilipokaa kuangalia fainali ya dunia ya PDC, shirika la vishale vya kulipwa, pale Alexandra Palace, London, Januari 3, 2025. Yaani dogo Luke Littler, miaka 17, anamchapa Michael van Gerwen, mtu kashabeba hilo kombe mara 3, seti 7-3! Alianza kwa kuongoza 4-0 afu uso mkavu kabisa utadhani yuko mazoezini, na huyohuyo mechi yake ya kwanza ya mashindano hayo alitokwa machozi palepale jukwaani.

Kilichoniua zaidi ni hesabu. Unaanza na pointi 501, kila unachopata kinatolewa unashuka hadi sifuri, ila kishale cha mwisho lazima kiingie dabo, ule mstari mwembamba wa nje unaohesabu namba mara mbili, au kile kiduara cha katikati kabisa, sasa we umebaki na 40 unaitafuta dabo 20, mkono unatetemeka na ukumbi mzima unapiga kelele. Nikajifanya na mimi najua, nikasimama mita 2.37 kutoka ubaoni, kishale cha kwanza ukutani, cha pili ukutani, cha tatu sijakiona mpaka leo 😂