Mboga zangu za shamba la kukodi nazo zililipwa pesa za korona

Nimechoka kusikia watu wetu wakisema pesa za korona za wakulima hapa Marekani zilikuwa za wenye ranchi tu. Mimi ni mama wa Uvira. Nalima lengalenga (mchicha), nyanya chungu na pilipili kwenye shamba la kukodi huku Maine, na nililipwa.

CFAP 2, mpango wa serikali wa kuwasaidia wakulima walioumizwa na korona, ulipofunguliwa Septemba 2020, mzee mmoja ninayemheshimu alinikataza nisijisumbue. Ni mkopo, akasema, tena asiye na ardhi yake hapati. Nikamsikiliza. Desemba 11 maombi yakafungwa, ndipo nikajua kwamba haukuwa mkopo, na mkulima wa shamba la kukodi alistahili, mradi mazao yakiharibika hasara ni yake. Hata uraia haukudaiwa, kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu ilitosha. Nililia kwa hasira, nasema kweli.

Mungu si Athumani, Aprili 5, 2021 wakafungua tena. Nikapigia simu ofisi ya FSA ya kaunti yetu, ile ya wizara ya kilimo inayohudumia wakulima. Mkalimani ulikuwa unaomba tu, bure.

Wenye ng'ombe wa nyama walihesabiwa kwa kichwa, dola 55. Sisi wa mboga tulihesabiwa kwa mauzo ya 2019: asilimia 10.6 ya dola 49,999 za kwanza. Mauzo yenyewe sikuwa nimeyaandika popote. Nikajumlisha kwa kichwa, nikafika kama dola elfu kumi na moja. Yule dada wa ofisini akaniuliza kwa upole, "Mama, zote hizi umelima mwenyewe?" Kumbe nilikuwa nimeingiza sombe (majani ya muhogo) ya barafu niliyonunua dukani na kuwauzia tena watu wa kanisani. Hiyo haikuhesabiwa. Na pilipili niliyoisaga na kuitia kwenye chupa? Ilihesabiwa thamani ya pilipili mbichi tu, kusaga na chupa vilitolewa. Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa sikilizeni nilivyofanya, maana hili najivunia. Wateja wangu wote huagiza kwa sauti za WhatsApp: "Mama, niwekee mafungu matano ya lengalenga Jumamosi." Simu ya zamani ilikuwa bado kabatini. Binti yangu akaichaji, tukakaa jioni tatu tukisikiliza msimu mzima wa 2019, kuanzia Juni mpaka baridi ilipoua mimea. Yeye anaandika tarehe na mafungu, mimi nataja bei. Wengine tuliosikia sauti zao walishahamia majimbo mengine, mmoja amefariki. Kisha tukalinganisha na pesa zilizoingia benki na risiti za meza ya sokoni. Ikatoka dola elfu saba na kitu, na kila senti naweza kuieleza hata leo. Fomu yenyewe ulikuwa unatia sahihi kwa kiapo chako, lakini walikuwa na haki ya kukuuliza ushahidi, kwa hiyo sikuandika makadirio.

Ililipwa mia saba na kidogo. Nilinunua vitambaa vya kufunika miche, na mwaka uliofuata lengalenga yangu ilifika sokoni mapema kuliko ya mtu yeyote.

Jirani yangu wa shamba, mwenye eneo kubwa kuliko langu, nilimwambia mara nne. Aliendelea kumsikiliza mzee yule yule mpaka Oktoba 12, 2021, maombi yalipofungwa.