Mizani ya asubuhi kwa mwenye valvu mbovu ya moyo

Mtu aliyezoea kupanda kwa miguu kutoka Moshi mjini hadi Kibosho, sasa anasimama mara tatu njiani. Usiku analalia mito mitatu, na akilala chali anaamka akitafuta hewa. Akiwa kijana, kifua hiki hutibiwa mara nyingi kama pumu au nimonia. Miguu ikianza kuvimba na mapigo yanakwenda ovyo, aombe rufaa ya kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), hospitali ya KCMC kwa mfano.

Eko huonyesha valvu (mlango wa damu ndani ya moyo) ipi inavuja au imebana, na moyo unasukuma asilimia ngapi ya damu iliyojaa ndani yake. Kwa kawaida ni 55 hadi 70. Lakini namba nzuri isikutulize. Valvu ya mitrali, ya upande wa kushoto wa moyo, ikibana, misuli inaweza kuwa imara kabisa huku damu ikikwama nyuma, kwenye mapafu.

Ukishaanza dawa, nunua mizani. Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi zilezile. Iweke kwenye sakafu ya saruji, maana juu ya zulia inadanganya. Andika kwenye daftari. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kilo 2 zilizoongezeka ndani ya siku 3 si unene, ni maji. Wasiliana na kliniki siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kadi.

Dawa ya kukojoza, furosemaidi, wengi huiruka siku ya safari kwa kuogopa kubanwa ndani ya Hiace. Usiiruke. Imeze ukifika au ukirudi, hata saa nane mchana.

Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu pia magadi ya kulainishia maharage, kwani nayo ni sodiamu. Mgongo ukiuma, meza parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia figo kutoa chumvi na maji, na mgonjwa aliyekuwa vizuri anaweza kurudi wodini kwa sababu ya vidonge vya dukani.

Spironolaktoni, dawa nyingine ya kukojoza, hupandisha potasiamu (madini ya kwenye damu), na ndizi zinayo nyingi. Sisemi uache mtori! Ila damu ipimwe potasiamu na krietinini (kipimo cha figo) wiki moja hadi mbili baada ya kuianza.

Kama chanzo ni homa ya baridi yabisi (ile inayofuata maambukizi ya koo na kuharibu valvu), sindano ya penisilini, yuniti 1,200,000 kwa mtu mzima, ni kila wiki 4. Haitengenezi valvu iliyoharibika. Inazuia shambulio jingine lisiiharibu zaidi, ndiyo maana haiachwi hata ukijisikia mzima. Kunywa maji, kula kwanza, uchomwe ukiwa umelala. Kwa mwenye valvu iliyobana sana au moyo uliochoka, daktari anaweza kuchagua vidonge badala yake.

Na mama mwenye binti wa namna hii, tafadhali: aonwe na daktari wa moyo kabla ya kushika mimba. Ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, valvu iliyobana haiwezi kuipitisha, na warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), kama anaitumia, inaweza kumlemaza mtoto katika wiki za mwanzo, pengine kabla binti hajajua kuwa ni mjamzito.