Whenua, na pale kitovu kilipozikwa

Riwaya za New Zealand huacha maneno ya Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo, katikati ya Kiingereza, mara nyingi bila herufi za mlazo wala maelezo. Wasomaji wengi huyaruka. Sisi wa Kiswahili hatuna kisingizio.

Irabu ni zilezile tano, na kila silabi huishia na irabu. Ng yao ni ng' yetu ya ng'ombe. Wh kwa kawaida husomwa f, kwa hiyo whare, yaani nyumba, ni "fare". Tunapojikwaa ni kwenye mkazo. Ulimi wetu umezoea silabi ya pili kutoka mwisho. Wao hukazia irabu ndefu ya kwanza, na isipokuwapo, mara nyingi ni silabi ya mwanzo kabisa. Tangata, mtu, si taNGAta bali TAngata. Kile kistari juu ya irabu si pambo: tāngata ni watu, keke ni keki, lakini kēkē ni kwapa! Vitabu vingi vya zamani havina vistari hivyo, basi angalia neno linalotangulia: te ni umoja, ngā ni wingi.

Utamu wenyewe uko kwenye maana. Hapū ni ukoo, na pia ni kuwa mjamzito. Iwi ni kabila, tena ni mfupa. Asiyejua hilo, jina la The Bone People, riwaya ya Keri Hulme iliyopata tuzo ya Booker mwaka 1985, humpita hivihivi. Hulme aliweka orodha ya maneno mwishoni. Patricia Grace hakuweka katika riwaya yake Potiki (1986), neno lenye maana ya kitinda mimba, na kwangu huyu ndiye aliyepatia. Kufunua kurasa za mwisho kila mara hukata pumzi ya hadithi. Fuata mazungumzo, neno likirudi mara ya tatu utakuwa umelizoea.

Whenua ni ardhi. Whenua pia ni kondo la nyuma, ambalo kwa desturi huzikwa katika ardhi ya ukoo. Anayepaita kwao "kitovu changu kilipozikwa" hahitaji kufafanuliwa zaidi. Wawekezaji wa Potiki wanapoitaka ardhi ile ya ufukweni kwa ajili ya watalii, wao wanaona kiwanja.