Sensa ya kadensi kwenye kiatu: inafanya kazi, ila sio sensa zote

Wadau wa baiskeli habari zenu. Kila nikitoka kuendesha na watu wapya huku Arusha lazima kuna mtu ataniuliza kile kidude cheusi nilichofunga juu ya kiatu cha kushoto ni cha nini, wengine wanadhani nahesabu hatua kama wale wa jogging. Sio hatua. Ni sensa ya kadensi, ile inayohesabu miguu yako inazungusha pedeli mara ngapi kwa dakika, na kwa kawaida watu wanaifunga kwenye mkono wa krenki, kile chuma kinachoshika pedeli, kwa raba. Mi naiweka kwenye kiatu na sina mpango wa kuirudisha kule, ngoja nieleze kwa nini na namna ya kuifunga maana maswali yamekuwa mengi inbox na kujibu mmoja mmoja nimechoka.

Sababu kubwa ni kwamba nina baiskeli ya lami ya mtumba na nyingine ya milimani kwa ajili ya zile njia za vumbi za juu huko Ilboru, afu mvua za masika zikikolea naishia gym kwenye zile baiskeli zao za spin. Sasa ukiwa na sensa moja kwenye krenki kila ukibadili baiskeli unavua raba, unafunga raba, siku ukisahau ndo basi umeenda safari nzima bila namba. Na ya gym ndo kabisa, utainama pale chini unafunga vitu kwenye mali ya watu huku mwalimu ameshawasha muziki. Kiatu ni kimoja, popote ninapoenda kinaenda.

Halafu kuna suala la nafasi. Kwenye fremu nyingi, hasa hizi za mtumba ambazo krenki ilishabadilishwa na fundi akaweka aliyoipata, pengo kati ya mkono wa krenki na lile bomba la chini linaloenda kwenye gurudumu la nyuma ni dogo sana. Sensa ina unene wake. Ikigusa bomba itaanza kukwaruza rangi, au itasogea kidogo kidogo mpaka siku moja irushwe barabarani na lori la nyuma yako liimalize.

Ila hapa ndo naomba msome taratibu, maana mtu anaweza kuona nimeweka kwenye kiatu na yeye akaenda kuweka yake halafu akasema imekufa.

Sensa za zamani zilikuwa na sumaku. Sumaku unabandika kwenye krenki, kifaa chenyewe kinakaa kwenye bomba, sumaku ikipita mbele yake kinahesabu moja. Hiyo kwenye kiatu sahau. Hizi za sasa hazina sumaku, ndani yake kuna mtambo mdogo wa kuhisi mwendo, na mitambo yenyewe ni ya aina mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku: kuna inayohisi kuvutwa na kusukumwa, aselomita, na kuna inayohisi kujigeuza, jairo.

Fikiria sensa iliyo kwenye krenki. Yenyewe inapinduka kabisa, kichwa juu kichwa chini, kila mzunguko. Kwa hiyo hata ukizungusha polepole vipi, mvutano wa dunia unaivuta upande huu kisha upande ule, na jairo nayo inaona wazi kuwa kitu kinageuka. Raha tupu. Sasa kiatu hakipinduki! Soli inaangalia chini muda wote, kisigino kinapanda na kushuka kidogo tu, ila kiatu kizima kinabebwa kwenye duara. Jairo ikiwekwa hapo haioni mzunguko, inaona mtikisiko wa kwenda na kurudi, kwa hiyo sensa inayotegemea kujigeuza itakupa sifuri au namba za ajabu ajabu. Aselomita ndo inaweza, kwa sababu kitu kinachozungushwa kwenye duara kinahisi kuvutwa kuelekea katikati, ni kama ndoo ya maji unapoizungusha kwa mkono, unausikia mkono unavutwa hata kama ndoo haijipindui.

Na hiyo nguvu unaweza kuipiga hesabu mwenyewe. Krenki ya milimita 170, ambayo ni saizi ya kawaida sana, ukizungusha 90 kwa dakika mguu unapata kama mara 1.5 ya mvutano wa dunia. Ukishuka mpaka 60 inabaki kama 0.7. Ukiwa unapanda kilima umechoka, unazungusha 30, ni chini ya 0.2 tu. Haishuki sawasawa na kasi, inashuka kwa mraba, kasi ikipungua nusu nguvu inabaki robo. Ndo maana sensa ya kiatuni ikianza kukuangusha itakuangusha kwenye kilima kikali na gia nzito, sio kwenye tambarare. Mtu anayepima ofisini kwake anazungusha pedeli kwa mkono polepole afu anasema haifanyi kazi, ndugu yangu hiyo kasi ni ndogo mno, panda uendeshe.

Kwa hiyo kabla hujanunua soma maelekezo ya mtengenezaji, kama wamesema kiatu inakubalika basi nunua. Kampuni ya Wahoo kwa sensa yao ya RPM wameruhusu wenyewe na kibanio cha kiatu kipo kwenye boksi. Kampuni ya Garmin maelekezo yao ni mkono wa krenki, ifuate hivo hivo. Zile za bei chee za kutoka China nyingi zina kazi mbili, spidi na kadensi, unabadilisha kwa kutoa betri na kurudisha halafu taa inawaka rangi nyingine, na hizo zimetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachozunguka kweli kweli, yaani haba (kitovu cha gurudumu) au krenki, kwa hiyo usizinunue ukiwa na ndoto za kiatu.

Haya, kufunga. Mahali pazuri ni juu ya mguu kwenye kamba, pale kamba zinapopishana, au kwenye ule mkanda wa velkro wa katikati, ukiisogeza kidogo upande wa nje. Upande wa ndani usiweke kabisa, krenki inapita pale karibu na kifundo na itaigonga. Mimi natumia mguu wa kushoto kwa sababu kulia ndo kuna cheni na grisi yake yote, na ukivaa suruali ndefu kule ndo kunachafuka. Kama kiatu chako ni cha ile mitindo ya kisasa ya kuzungusha kitufe chenye waya, usifunge juu ya kitufe wala usibane waya, tafuta sehemu ngumu ya pembeni.

Kama huna kibanio, kebo tai mbili nyembamba zinatosha, unapitisha chini ya kamba, unakaza, unakata mikia iliyobaki ukiwa umeigeuza isije ikakuchana. Ila mi nachopenda zaidi ni ukanda wa mpira wa tyubu, ule ule ambao watu wanafungia mkaa nyuma ya baiskeli. Kata ukanda wa upana wa kidole, zungusha mara mbili, funga. Unashika vizuri, hautelezi hata kukiwa na matope, na fundi yeyote wa baiskeli atakupa bure. Supa glu usithubutu, utabadilishaje betri? Na usikaze kama unafunga mzigo wa kwenda mnadani, juu ya mguu pale kuna mishipa iko karibu sana na ngozi, ukibana sana baada ya saa moja vidole vinakufa ganzi na utalaumu viatu.

Kitu cha muhimu kuliko vyote, isichezecheze. Sensa ikilegea inaongeza mitikisiko yake yenyewe juu ya ile ya mguu, hasa kwenye changarawe, na hapo utaona umeacha kabisa kupiga pedeli unateremka zako halafu kompyuta ya baiskeli, kile kidude cha kuonyesha namba, inakwambia 70. Hata ikiwa imekaza vizuri, ukiacha kupiga pedeli inaweza kuchukua sekunde kadhaa kabla ya kurudi sifuri, hilo ni kawaida, lisikusumbue. Na ukishuka ukaanza kusukuma baiskeli mlimani usishangae bado inasoma, unatembea hatua 110 kwa dakika na mguu mmoja ni nusu yake, basi inakuandikia 55 safi kabisa kama vile unaendesha. Kuna safari zangu za Ilboru zina kadensi nzuri sana ambayo ukweli wake ni miguu chini.

Kuhakiki ni rahisi. Tafuta sehemu ya tambarare, shika mwendo mmoja, hesabu goti la kushoto linapanda mara ngapi ndani ya sekunde 15, zidisha kwa 4. Linganisha na kioo. Njia nyingine kwa wanaopenda hesabu: gia ya meno 50 mbele na meno 17 nyuma, tairi la saizi ya 700x25 ambalo mzunguko wake ni kama mita 2.1, ukiwa 90 unatakiwa uwe unaenda kilomita 33 na kidogo kwa saa. Kama sensa inasema 90 na spidi ni 25 kwenye gia hiyo hiyo, kuna anayedanganya hapo.

Halafu msiniulize kadensi nzuri ni ngapi, jibu halipo moja. Watu wengi wa barabarani wanacheza kati ya 80 na 100. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa na mwendesha baiskeli Mkenya David Kinjah kabla hajachukua mashindano ya Tour de France mara nne, alikuwa anajulikana kwa miguu ya haraka, lile shambulio lake kwenye mlima Mont Ventoux mwaka 2013 amekaa kitini miguu inazunguka kama cherehani ndo watu wanaikumbuka mpaka leo. Mjerumani Jan Ullrich naye aliichukua Tour hiyo mwaka 1997 akiwa mtu wa kusukuma gia nzito taratibu. Mimi nikienda haraka sana moyo unapanda, nikienda taratibu sana magoti yanalalamika, kwa hiyo nakaa 85 hivi na maisha yanaendelea.

Kwenye kompyuta yako angalia kama wastani wa kadensi unahesabu na sifuri au la. Kwa huku kwetu kwenye mteremko mrefu kama wa kushuka kwenda Usa River, ukihesabu sifuri wastani wako utaonekana wa mgonjwa. Mimi nimezima sifuri.

Kwenye kuunganisha sensa na kifaa bila waya kuna njia mbili, ANT+ na Bluetooth: ANT+ inarusha tu hewani na vifaa vingi vinaweza kusikiliza kwa pamoja, ila Bluetooth sensa nyingi zinashika kifaa kimoja, kwa hiyo kama simu imeshaidaka, saa yako haitaiona mpaka ufunge ile programu ya simu. Hapo ndo wengi wanadhani sensa imeharibika.

Betri ni CR2032, ile ya duara, mafundi saa wanayo na mafundi kompyuta pia wanayo kwa sababu ndo inayokaa kwenye ubao wa kompyuta. Sensa inalala yenyewe ikitulia na inaamka ikitikiswa, sasa kiatu kikiwa kwenye begi ndani ya daladala au kwenye buti ya gari kinatikiswa njia nzima, betri inaisha bure. Ukisafiri na viatu vyako, ivue uiweke sehemu imetulia, au toa betri kabisa.