Ati bendi ya kopi

Neno la shemeji bado linanikereketa. Tulikuwa tunasikiliza ile santuri ya jazi ya mwimbaji Ella Fitzgerald na bendi ya mpiga piano Count Basie, wote Wamarekani, iliyorekodiwa New York Julai 1963, akauliza, "Hii 'Honeysuckle Rose' si ya Fats Waller?" Nikamwambia ndiyo, ya 1929. "Na 'Satin Doll'?" Ya Duke Ellington. Akasogeza kikombe chake. "Kumbe bendi ya kopi, shemeji." Basi, watu wakaendelea na kahawa.

Jumamosi tumepokea mahari ya mdogo wangu, wageni wamelala mpaka sebuleni, na mimi kichwani nina neno moja tu. Kopi! Nafua nalo, napanda nalo daladala.

Kupiga kopi ni kumwiga mwenyewe mpaka kikohozi chake. Hapa Waller alishafariki karibu miaka 20, na Quincy Jones ndiye aliyekaa akapanga upya kila ala iingie wapi: saksafoni zinatangulia chini chini, tarumbeta zinakatiza, Basie anagusa noti mbili tatu za piano halafu anaacha nafasi. "Into Each Life Some Rain Must Fall" Ella alishaiimba mwaka 1944 na kundi la Ink Spots, ikavuma sana. Humu anaiimba tena, na mwendo ni mwingine kabisa. Nyimbo za namna hii kule Marekani kila mwimbaji anazijua, kila msikilizaji anazijua, ndiyo maana uwezo wa mtu unaonekana hapo hapo. Hayo yote nilitakiwa kumjibu pale pale mezani, shemeji!

Jana usiku wageni walipoondoka, baba akaja kukaa. Nikaiweka tena. Baba hakujishughulisha na Ella. "Huyu wa rizimu nani?" Freddie Green, nikamwambia, aliingia kwa Basie 1937 akapiga humo mpaka alipofariki 1987, gita lisilo na umeme, solo karibu hapigi. Baba akainua mkono wa kushoto, vidole vikawa vinabana nyuzi hewani, anabadilisha kodi moja baada ya nyingine bila kukosa pigo. "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Tangu auze gita lake sijamwona hivyo, na nimefurahi mno, jamani, mpaka usingizi ulikataa.

Ila dawa zake za presha zinatosha mpaka Jumanne tu, na duka tunalochukulia wanasema mzigo haujaingia. Aliye hapa Tanga anayejua zinapopatikana aniambie.