Jinsi nilivyowaokoa perege wa Mto Lukuledi ndani ya tangi la kioo

Perege sita wadogo niliowavua kwa wavu wa mkono katika Mto Lukuledi, mkoani Lindi, walianza kuhemea juu ya maji siku ya nne, matamvua yakiwa mekundu kupita kawaida, wawili wakafa. Kwa kutaka wakae pasafi, nilikuwa nikimwaga maji yote kila asubuhi na kuosha sifongo ya kichujio kwa maji ya bomba.

Kosa lilikuwa hapo. Klorini, dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba, huunguza matamvua, na pia huua bakteria wanaoishi kwenye sifongo, ambao hugeuza amonia, sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Mtoni uchafu huo huchukuliwa na mkondo. Ndani ya kioo hauna pa kwenda.

Sasa maji ya bomba nayaacha kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 ili klorini itoke, nabadilisha robo tu ya tangi kila wiki, na sifongo naikamua katika maji yaleyale niliyoyatoa. Pumba nawapa kidogo, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili. Wanne waliobaki wametulia, na dume mmoja, aliyekwisha kukua, ameanza kuchimba kiota mchangani kwa mdomo wake.