Ijumaa, saa kumi na moja jioni

Warsha nyingi za haki kwa vijana wa mitaa ya Nairobi hubeba Katiba nzima. Mwezeshaji anaanza Sura ya Nne, Kifungu cha 19, akilenga kufika cha 59, na kabla ya chai nusu ya ukumbi iko kwenye simu. Asubuhi moja inatosha kifungu kimoja. Mahali ambapo misako ya usiku ni kawaida, kiwe cha 49, haki za mtu aliyekamatwa.

Washiriki wasizidi 25, wawezeshaji wawe wawili. Ukumbi wa kanisa, msikiti au maktaba unafaa. Wa ofisi ya chifu usiuguse hata ukipewa bure, maana hakuna kijana atakayesimulia pale jinsi alivyobebwa na polisi. Walio chini ya miaka 18 waje na idhini ya mzazi au mlezi. Na kama kuna nauli, taja kiasi mapema. Fununu kwamba wengine wanapewa zaidi huua mazungumzo kuliko mada mbovu.

Piga chapa Kifungu cha 49 kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kwa kila mtu, kisha chora saa kubwa kwenye karatasi ya manila na uulize: mtu amekamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, mwisho wa kumfikisha mahakamani ni lini? Karibu wote watasema Jumamosi saa kumi na moja, kwa sababu kila mtu ameshasikia habari ya saa 24. Usiwasahihishe. Waache wasome wenyewe hadi wafike mahali panaposema kwamba saa hizo zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, au siku isiyo ya mahakama, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Maana yake ni Jumatatu. Jumatatu ikiwa sikukuu, Jumanne. Hapo ukumbi huchangamka, kwa sababu kila mmoja anaona ni kwa nini Ijumaa jioni huogopwa. Ongeza swali la pili: saa zinahesabiwa kuanzia lini? Tangu kukamatwa, si tangu jina kuandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Kwa hiyo aliyeshuhudia aandike saa, mahali, namba ya gari, na kituo ambako polisi walisema wanakwenda.

Baada ya hapo, igizo. Wahusika wanne wanatosha: afisa, kijana, shahidi, na mama anayefika kituoni kumtafuta mwanawe. Mama ndiye mwenye kazi kubwa, ingawa wengi humpa sehemu ndogo. Yeye ndiye anayeuliza kosa ni nini, anayeomba namba ya OB, anayeuliza dhamana. Mfundisheni jambo moja: dhamana ya fedha ina risiti. Pesa isiyo na risiti si dhamana, iitwe jina lolote. Kama aliyekamatwa ni mtoto, adai asichanganywe na watu wazima. Hilo liko Kifungu cha 53.

Igizo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, anayecheza afisa hunogewa akaanza kusukuma na kupiga makofi. Weka sharti kabla hamjaanza: hakuna kugusana, na mtu yeyote akisema "simama" mnasimama. Mwezeshaji wa pili akae karibu na mlango, kwa sababu lazima yuko aliyepigwa kweli, naye akitoka nje asitoke peke yake. Ya pili ni mbaya zaidi: kijana anatoka na ushujaa wa jukwaani, anakwenda kumsomea askari Katiba kichochoroni saa sita usiku. Waambieni waziwazi kwamba kichochoroni pana maswali mawili tu, kwa sauti ya chini: nimekamatwa kwa kosa gani, na mnanipeleka kituo gani? Mengine yana mahali pake, mbele ya wakili na hakimu, na kunyamaza pia ni haki iliyomo katika kifungu hichohicho.

Habari ya IPOA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2011 na inayopokea malalamiko dhidi ya polisi, isichukue zaidi ya robo saa. Wafanye zoezi la kuandika lalamiko moja. "Polisi walinionea" halina pa kushikwa. Tarehe, saa, kituo na namba ya OB ndivyo vinavyompa mchunguzi pa kuanzia.

Picha msipige bila ruhusa, na orodha ya mahudhurio isiachwe mezani.

La mwisho kabla ya chakula: simu zote mezani, zikiwa zimezimwa. Kila mtu aandike kwa kichwa namba mbili, ya mtu wa nyumbani na ya wakili au kituo cha msaada wa kisheria mlichowapa asubuhi. Mtu akikamatwa, simu ndiyo huchukuliwa kwanza. Wengi wataandika namba yao wenyewe, kisha watakwama. Wape dakika kumi wakariri, waende wakale, na wakirudi waandike tena.